Chuma cha Marehemu Dalmas

Anayetaka kununua hasifu. Ng'ombe hata awe amenona vipi, mnunuzi atamkagua kwato na kuguna. Laban Wechuli wa mtaa wa Obunga, Kisumu, fundi aliyekereza vyuma vya watu kwa miaka ishirini na saba, aliijua sheria hiyo vizuri, na ndiyo maana aliposimama mbele ya mashine ya marehemu Dalmas kule Katito alikunja uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Moyoni, masikini, alikuwa anacheza ngoma.

Ilikuwa mashine ya kukereza, lethi kama mafundi wanavyoiita, ndefu kuliko kitanda cha mtu mzima, ya zamani lakini ya kazi. Alipitisha ukucha juu ya reli zake, pale karibu na chaki, lile gurudumu zito lenye taya tatu linalokiuma chuma na kukizungusha. Mashine iliyochoka huwa na kijidaraja mahali hapo, na ukucha hukwama. Ukucha wa Laban ulipita bila kugusa kitu. Akaishika chaki kwa mikono miwili na kuitikisa. Haikucheza hata kidogo. Tena marehemu alikuwa amekwisha kuibadilishia mota, akaweka ya umeme wa kawaida wa nyumbani badala ya ile ya viwandani. Yaani ilikuwa ni kuipeleka tu, kuikaza sakafuni na kuanza kazi.

"Reli zimelika," akamwambia mjane. "Na hii chaki inacheza."

Mjane aliitwa Rachael, Mama Byron kwa majirani. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya mumewe, funguo mkononi, hakutaka kuingia. Alimtazama Laban usoni kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, basi atatoa kiasi gani. Alikuwa ametaja laki mbili na ishirini. Laban alijua fika kwamba mjini Kisumu mashine kama ile huishiki bila laki tatu na nusu. Akasema laki moja na nusu. Mama Byron akakubali upesi mno, hata Laban akaona aibu, ingawa si aibu ya kumfanya apandishe bei.

Wakaandikiana karatasi, jirani akatia sahihi. Elfu tisini zikaenda kwa simu palepale. Sitini zilizobaki angezileta mkononi siku ya kupakia.

Msimhukumu haraka, lakini. Mtu wa miaka hamsini na nne aliyefutwa kazi hufundishwa mambo mengi ambayo hakuyaomba. Karakana alikofanya kazi ilikuwa imefungwa mwezi wa pili. Mwenye karakana aliuza kiwanja, akawapa wafanyakazi kila mmoja bahasha na mkono wa buriani. Laban akazunguka karakana nyingine zote za mjini. Moja ilimwambia inataka kijana. Nyingine, ya mtu ambaye Laban mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, ilimpa chai na mandazi, ikamsindikiza mpaka barabarani.

Akabaki nyumbani. Mkewe Jentrix alikuwa akikaanga mgongo wazi pale njiani, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Laban akaanza kumbebea beseni. Akaanza kutumwa makaa. Siku moja Jentrix alimpa shilingi mia akanyoe nywele, akampa kwa kificho, akiikunja noti kiganjani mwake ili wateja wasione. Alifanya hivyo kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza Laban kuliko matusi.

Zile pesa za bahasha zilikuwa zinajulikana na ukoo mzima. Huyu alikuwa na mgonjwa, yule na harusi, mwingine na wazo la kuku. Jentrix ndiye aliyezifungia. Alisema zinunue kitu kimoja kinachoweza kufanya kazi, au ziishe kwa vidogo vidogo na wasijue zilikwenda wapi.

"Hizi zikipotea, Baba Lorine," alimwambia, "ni kurudi Webuye. Na Webuye kwenyewe hatuna hata mahali pa kuku kukwaruza."

Kwa hiyo Laban akajenga banda la mabati ubavuni mwa nyumba, akamwaga saruji nzito, akaacha boliti zimesimama zikingoja miguu ya mashine. Mwenye kinu cha posho wa mtaa wa pili akaleta mhimili wake uliolika, akauegemeza ukutani, akasema atangoja wiki mbili, zaidi ya hapo ataupeleka kwingine. Watoto wa jirani wakawa wanakuja kuchungulia banda lisilo na kitu. Laban alipowaambia bei aliyoipata, mafundi wenzake walimpiga mgongoni wakicheka. Naye akacheka.

Jumamosi, canter aliyoikodi ilifika Katito saa tatu asubuhi na wanaume wanne wa kubeba, jeki mbili na vipande vya mabomba vya kuviringishia. Ilibidi wang'oe fremu ya mlango. Kufikia saa tano mashine ilikuwa uani imelala juu ya mabomba, na wanaume wale wanapumua kivulini kabla ya kuipandisha garini. Hapo ndipo wenye boma, wenye mji kama wanavyosema huko, walipokuja.

Walikuwa watatu. Enos, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya ua. Mdogo wao Sydney. Na baba yao mdogo, Mzee Gordon, aliyetembea kwa fimbo. Walisalimu watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, hata dereva wa canter. Wakamuuliza Laban habari za kwao na kama mvua imenyesha huko Webuye. Ni baada ya hayo yote Enos alipoigusa mashine kwa kidole.

"Mzee, sisi hatuna neno na wewe," akasema. "Wewe ni mgeni. Lakini chuma hiki hakiwezi kutoka kwa huu mji leo. Keyo nyinyo bado."

Laban hakulijua neno hilo. Mzee Gordon akamweleza bila haraka. Mtu akifa, alisema, baada ya kuzikwa ndugu huketi wakagawana vyuma vyake, jembe, panga, kisu, chochote kile, ili kila mmoja ashike kitu alichokishika marehemu. Kwao, kabla ya hapo chuma cha mtu aliyekufa hakiuzwi na hakivuki lango. Walikuwa wanamngoja ndugu mmoja aliye Mombasa. Angekuja Desemba.

Huo ulikuwa mwezi wa tano. Laban akaitoa karatasi yao ya mauziano mfukoni. Enos aliisoma yote, mpaka sahihi ya jirani, akaikunja vizuri na kumrudishia. Akasema karatasi ni nzuri, ila ni ya watu wawili, na mji huu una watu wengi.

Dereva wa canter akaja kuuliza nani atalipia kungoja. Wale wanaume wa kubeba walikuwa wamekaa chini, wamekwisha kuelewa, na mmoja alikuwa anatabasamu. Laban, mzee wa kanisa, alijikuta anaomba mbele ya watu aliowaajiri mwenyewe. Aliomba kwa umri wake. Aliomba kwa banda lililojengwa na mteja anayengoja. Mwisho akaomba arudishiwe elfu tisini zake, aende. Mama Byron akasema hazipo. Zilikwenda hospitali alikolazwa mumewe siku ileile, kwa sababu hospitali ilikuwa imeshika hati ya shamba hili wanalolikanyaga.

Enos hakuwa anajua habari ya hati. Ilionekana wazi kwamba hakuwa anajua.

Laban akaona upenyo. Akasema, kwa nini wasigawane leo? Si lazima iwe mashine. Fundi hakosi nyundo, spana, tupa, hivyo vyote ni vyuma vya marehemu; kila ndugu achukue chake, na fungu la aliye Mombasa liwekwe. Mzee Gordon aliitikia kwa kichwa, akasema mgeni ana akili. Enos akasema sawa, sanduku la vifaa lifunguliwe.

Lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na kitambaa cha mafuta na misumari miwili.

"Nyar Usenge," Enos akamwita mjane kwa jina la kwao, ufukweni alikotoka kabla ya kuolewa. "Spana za ndugu yangu ziko wapi?"

"Niliuza."

"Lini?"

"Akiwa amelazwa. Mlisema mtatuma kitu. Nilingoja wiki mbili."

Sydney aliangalia viatu vyake. Pale uani kulikuwa na aibu ya kutosha kila mtu, na aibu ikikosa mwenye kuibeba hugeuka hasira. Enos akasema, kama ni hivyo, chuma kilichobaki cha Dalmas ni hiki hapa. Basi kila mmoja atang'oa chake kwenye mashine, na kitakachobaki mgeni aende nacho.

Laban akachukua spana mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Akili yake ilikuwa inakimbia, ikipiga hesabu ni kiungo gani kitoke bila kuiua. Akaenda kwenye gia za kukatia skrubu, kwa kuwa bila hizo mashine bado ingekereza, na gia fundi anaweza kuzihangaikia polepole. Mzee Gordon akapewa moja yenye meno madogo mazuri, akaipokea kwa mikono miwili. Sydney akapewa moja. Nyingine ikawekwa kwa ajili ya yule wa Mombasa. Kila boliti iliyolegea ilimuuma Laban mwilini, lakini alijiambia, itapona, itapona.

Enos, ambaye kwa ukubwa angetangulia, alikuwa bado anaizunguka mashine. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya chaki.

"Mimi nachukua hii."

Lethi bila chaki ni benchi la kukalia. Na chaki ya kuingia kwenye mashine ya zamani namna ile haiko dukani. Utazunguka Kisumu mpaka Nairobi, na ukiipata hutaiweza bei. Laban aliliona banda lake. Aliliona beseni.

"Hiyo imekufa," akasema, na maneno yakatoka laini kabisa. "Imelika ndani, inacheza. Utabeba mzigo wa bure. Chukua hili gurudumu la mkono, Mzee, linang'aa, hata watoto wa marehemu watajua ni la baba yao."

Kiganja cha Enos kikalegea.

"Anadanganya," Mama Byron akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Sasa akashuka uani akaja mpaka kwenye mashine. "Haichezi. Mimi ndiye nimekuwa nikiipaka mafuta jioni, miaka tisa. Siku ya kwanza alipokuja hapa aliniambia uongo huohuo na nilijua ni uongo. Nilinyamaza kwa sababu deni la hospitali lilikuwa linapanda."

Masikio ya Laban yalipata moto. Wabebaji wanne, dereva, majirani waliokwisha kujaa kwenye ua, wote walikuwa wanamtazama yeye. Kuna watu huombea ardhi ipasuke. Yeye hakuombea chochote, alishika spana tu. Alijua imekwisha, na alijua pia kwamba ni haki.

Mama Byron alikuwa amemgeukia shemeji yake. "Hii ndiyo mashine yenyewe. Bila hii hakuna kitu. Sasa nauliza, mimi sina fungu?"

Enos akasema mke hagawiwi vyuma. Akasema hajapata kusikia jambo kama hilo. Watu wakamtazama Mzee Gordon, ambaye alikuwa ameishika ile gia yake tumboni, na mzee akaigeuza upande wa pili.

"Mwacheni achukue," akasema hatimaye. "Alipokuwa anaugua, aliyemshika alikuwa nani? Mimi sikwenda. Wewe ulikwenda, Enos?"

Laban akaifungua chaki, akiwa ameweka ubao chini yake isije ikaangukia reli. Mama Byron akaikumbatia kifuani. Ilikuwa na uzito wa gunia dogo la mahindi, na mafuta yake meusi yakatambaa kwenye gauni lake la kanisa. Alivuka uani hatua kwa hatua. Mbebaji mmoja aliinuka kumsaidia, yule aliyekuwa akitabasamu. Akamkataa kwa kichwa. Alifika garini, akaiweka juu ya sakafu ya canter, akaisukuma ndani kwa viganja vyote viwili.

"Nilimuuzia mashine nzima," akawaambia watu wote. "Aliyedanganya ni yeye. Mimi sidanganyi."

Enos hakuchukua kitu. Hata lile gurudumu aliliacha. Alimwita mdogo wake, wakaanza kuondoka, na kama walivyokuja ndivyo walivyoaga, kwa mkono, mmoja mmoja: Laban, dereva, wabebaji, majirani waliokuwa karibu. Walipomfikia Mama Byron walimpita. Sydney alisita kidogo, mkono ukiwa umeanza kuinuka, akaurudisha mfukoni.

Mashine ikapandishwa. Laban akampa Mama Byron zile elfu sitini, naye akazipokea bila kuzitazama. Alitaka kuongeza pesa, na mfukoni alikuwa na za canter tu. Akasema angalau vijana wairudishe ile fremu ya mlango kabla hawajaondoka.

"Acha," akamwambia. "Hakuna kitu cha kufungia tena. Nenda, Mzee. Gari la watu linangoja."

Mashine ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililokuwa linatafutwa. Mhimili wa kinu cha posho ulikerezwa ndani ya siku zake, na mwenye kinu akamleta mwenzake. Jentrix aliacha kumpa noti zilizokunjwa. Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye karai lake la mafuta, alipita bandani kumwangalia mumewe akiwa amevaa ovaroli. Laban alikuwa amemsimulia yote ya Katito, ila kwa namna ambayo uongo wake mwenyewe haukuwa ndani.

Alimpigia Mama Byron simu mara tatu. Iliita mpaka ikakatika. Akamtumia elfu tano. Jioni zikarudi, bila ujumbe. Kisha akaja mteja mmoja wa kutoka upande wa Nyakach, mwenye plau, na Laban akamuuliza kwa mbali habari za mji wa marehemu Dalmas. Yule mtu akasema, ah, huyo mama aliyeuza chuma cha mume? Wamemwacha. Ng'ombe wa kulima wa ukoo wameliruka shamba lake. Akichota maji, wenzake wanangoja aondoke ndipo wachote. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, alisema mteja, ila hasalimiwi. Akaichukua plau yake, akalipa.

Jumapili iliyofuata Jentrix alikuwa amekwisha kuzungumza na mchungaji. Haikuwezekana Mungu atende jambo kubwa namna hiyo halafu watu wakae kimya. Laban akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Alikuwa ameoga, amevaa koti, na maneno alikuwa nayo tayari, yale ambayo watu wote husema: kwamba njia ilikuwa imezibwa na Mungu akaifungua.

"Bwana asifiwe," akasema.

Wakamwitikia. Akaangalia benchi la mbele, ambako Jentrix alikuwa amekaa, uso umemng'aa kwa furaha ambayo hakuwa ameiona tangu mwezi wa pili. Ingekuwa rahisi sana. Maneno kumi, amina, akakae.

"Mashine nimepata," Laban akasema. "Nilimdanganya mjane ili aniuzie rahisi. Nikadanganya tena ili nisiikose. Mjane akasema ukweli mbele ya watu wa mume wake, akanipa mashine yangu. Mimi nimerudi kwa mke wangu. Mjane nimemwacha hukohuko, na hawamsalimu."

Watu hawakujua kama waseme amina. Mmoja huko nyuma aliianza, akaikatiza katikati. Laban aliendelea kusimama, kwa sababu alikuwa anadhani kuna kitu kingine cha kusema, kitu cha kulimaliza jambo lile, na alipokitafuta hakukipata. Mchungaji akamshika bega. Jentrix alikuwa ameinamisha kichwa. Alipomwona anakuja, alisogea kumpisha, akasogea mbali kuliko ilivyohitajika, na mwimbishaji akaanzisha pambio.